UZI: Roma ilianza kwa ndugu kumuua ndugu, na Warumi wenyewe hawakutaka kuificha

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye daladala nilikaa pembeni ya kijana aliyevaa jezi ya AS Roma, ile yenye nembo ya mnyama ananyonyesha watoto wawili. Nikamuuliza, huyo mnyama ni nani? Akajibu bila kusita: "Fisi huyo." Nilicheka mpaka konda akageuka. Nikasema hapa kuna uzi.

Mnyama yule ni mbwa mwitu jike. Watoto ni Romulus na Remus, mapacha ambao Warumi waliamini ndio chanzo cha mji wao. Wengi tunaijua hadithi hii juujuu. Mimi nimeifuatilia kwa waandishi wa kale wenyewe, hasa Livy, Dionysius wa Halicarnassus na Plutarch, na kila nikiirudia kuna jambo linanisumbua. Watu wakijitungia asili hujipamba: babu yetu alikuwa mfalme, alikuwa mcha Mungu, alikuja na majahazi yake. Warumi, waliokuja kutawala kuanzia Uingereza hadi Misri, walisimulia kwamba mwanzilishi wao alikuwa mtoto wa kutupwa, akamuua pacha wake, akakusanya watoro, halafu wakaiba mabinti wa jirani. Na hawakusingiziwa na maadui. Waliandika wao, wakachonga sanamu, wakaiweka kwenye sarafu.

Kwa nini? Nina jibu langu, nitalifikia. Kwanza tuisikie hadithi yenyewe.

Mapacha

Kulikuwa na mji unaitwa Alba Longa, kwenye vilima kusini-mashariki mwa Roma. Mfalme wake, Numitor, alipinduliwa na mdogo wake, Amulius. Amulius akawaua watoto wa kiume wa kaka yake, na binti, Rhea Silvia, akamfanya kuhani wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani. Makuhani hao walitakiwa kubaki bikira. Yaani baba mdogo alimzibia asizae mrithi, huku akijifanya anampa heshima.

Binti akapata mimba, akajifungua mapacha. Akasema baba yao ni Mars, mungu wa vita. Livy anaeleza hapo kwa namna inayonichekesha kila mara: anasema ama aliamini hivyo kweli, ama aliona ukimtaja mungu kosa linakuwa na heshima zaidi. Halafu anaongeza kwamba si miungu wala wanadamu waliomkinga mama huyo na ukatili wa mfalme.

Watoto wakaamriwa watupwe mtoni. Tiber ilikuwa imefurika, watumishi hawakuweza kufika kwenye mkondo wenyewe, wakakitua kikapu kwenye maji ya kina kifupi wakaondoka. Maji yakapungua, kikapu kikabaki pakavu chini ya mtini. Akaja mbwa mwitu kunywa maji, akasikia vilio, akawapa chuchu. Kuna wanaosema na kigogota alikuja kuwalisha. Wanyama wote wawili ni wa Mars, kwa hiyo ni kama baba alituma matumizi. Mchungaji wa mfalme, Faustulus, akawaokota, akawapeleka kwa mkewe, Acca Larentia.

Naishia hapa, nakula kwanza.

#2

Siti ya mbele nimewahi. Shusha mkuu.

#3

Mleta uzi, hii si hadithi ya Nabii Musa wameibadilisha majina? Kikapu, mto, mfalme katili. Warumi waliiba.

#4 · Mleta uzi

Mkuu #3, kikapu hicho kina wenyewe wengi. Sargon wa Akkad, mfalme wa Mesopotamia, naye anasimuliwa kwamba mama yake, kuhani, alimzaa kwa siri, akamweka kwenye kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akamwachia mto. Aliokotwa na mchota maji.

Ila anayefanana na hawa mapacha zaidi ni Koreshi wa Uajemi. Herodotus, aliyeandika karne ya 5 KK, anasema Koreshi alipotupwa alilelewa na mke wa mchungaji aliyeitwa Spako, na kwa lugha ya Wamedi jina hilo lina maana ya mbwa jike. Baadaye wazazi wake wakavumisha kwamba alinyonyeshwa na mbwa kwelikweli, ili aonekane ana mkono wa miungu.

Sasa shika hapo, maana Warumi nao wana jambo hilohilo. Kwa Kilatini mbwa mwitu jike ni *lupa*. Na *lupa* kwa lugha ya mtaani ya Roma lilikuwa jina la malaya. Danguro waliliita *lupanar*. Livy anaandika kabisa kwamba wako wanaodhani Acca Larentia aliitwa lupa na wachungaji kwa sababu ya mwenendo wake, na hapo ndipo hadithi ya mnyama ilipozaliwa. Jamaa anaandika historia ya taifa lake zama za Augustus, kaisari wa kwanza, na anaweka hilo mezani ukurasa wa mwanzo.

#5

😂😂 Kwa hiyo nembo ya timu ni...

#6

Mods msifunge uzi huu.

#7 · Mleta uzi

Ndege, plau na sepetu

Tuendelee. Mapacha wakakua, wakawa vijana wa porini wanaowavamia majambazi na kugawana mali na wachungaji wenzao. Remus akakamatwa, akafikishwa mbele ya Numitor, babu akahesabu umri akaona mambo yanalingana. Wakamuua Amulius, ufalme ukarudishwa kwa mzee. Hapa wangeweza kukaa Alba wakasubiri urithi. Hawakutaka. Walitaka mji wao, palepale walipotupwa.

Shida ya mapacha ni kwamba hakuna mkubwa. Wakakubaliana wapige ramli ya ndege, kila mmoja kwenye kilima chake: Romulus juu ya Palatino, Remus juu ya Aventino. Remus akawaona wa kwanza, tumbusi 6. Wajumbe wake walipofika kutoa habari, Romulus naye akawaona 12. Nani ameshinda? Mmoja anadai kutangulia, mwingine anadai wingi. Ukisoma Plutarch wako waliosema Romulus alidanganya, na hao 12 waliibuka baadaye.

Romulus akaanza kujenga. Warumi walikuwa na utaratibu wa kuzindua mji waliosema wameurithi kwa Waetruski, jirani zao wa kaskazini: unafunga fahali na ng'ombe jike kwenye plau, jike upande wa ndani, unazungusha mfuo mahali ukuta utakapopita. Panapokuja lango, unainyanyua plau na kuruka hiyo sehemu. Plutarch anatoa sababu: mstari uliochimbwa ni mtakatifu, na kama milango nayo ingekuwa mitakatifu, usingeweza kupitisha vitu najisi ambavyo maisha yanalazimu vipite. Maiti, kwa mfano. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya katikati ya karne ya 5 KK, inakataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji.

Ukilijua hilo ndipo unaelewa kosa la Remus. Tunaambiwa aliruka ukuta kwa dhihaka, ukuta wenyewe mfupi. Hakuwa anacheza tu. Alivuka mahali patakatifu pasipo lango. Romulus akamuua na kusema: hivyo hivyo kwa mwingine yeyote atakayeruka kuta zangu.

Lipo toleo jingine, la msimamizi wa ujenzi aitwaye Celer kumpiga Remus kwa sepetu bila Romulus kujua, kisha akakimbilia kwa Waetruski. Mshairi Ovid analipenda hili, maana linamsafisha mkubwa. Lipo na la tatu kwa Livy: pande mbili ziligombana kuhusu ndege, Remus akafia kwenye vurugu. Matatu hayo yalisimuliwa kwa wakati mmoja, msikilizaji achague.

#8

Mkuu, mwaka 753 KK umetoka wapi? Shuleni tuliambiwa Roma ilijengwa 753, nukta. Nani alikuwepo?

#9 · Mleta uzi

Hakuna aliyekuwepo mwenye kalamu. Tarehe hiyo, 21 Aprili 753 KK, inatokana na hesabu za Varro, msomi wa karne ya 1 KK, na ndiyo iliyoshinda. Kabla yake kila mtu alikuwa na yake. Fabius Pictor, Mrumi wa kwanza kuandika historia, na aliandika kwa Kigiriki, aliiweka karibu na 748. Cincius Alimentus karibu na 729. Timaeus, Mgiriki wa Sicilia, aliirudisha hadi 814 au 813, mwaka mmoja na kuanzishwa kwa Carthage ya Afrika Kaskazini, kana kwamba wapinzani hao wawili walizaliwa siku moja.

Siku yenyewe, 21 Aprili, ilikuwa sikukuu ya Parilia, sikukuu ya wachungaji ya kusafisha mifugo, waliruka juu ya moto wa majani. Mji ulioanzishwa na wachungaji ukapewa birthday ya wachungaji. Roma inaisherehekea hadi leo.

Na kichekesho: Varro alikuwa na rafiki mnajimu, Tarutius. Plutarch anasema Varro alimwomba apige hesabu za nyota kinyumenyume, yaani badala ya kutabiri maisha kutokana na saa ya kuzaliwa, atafute saa ya kuzaliwa Romulus kutokana na maisha yake. Akampatia, mpaka na saa mimba ilipotunga.

#10

Mnajimu wa kuajiriwa. Tuko pamoja.

#11 · Mleta uzi

Watoro na mabinti

Romulus ana ukuta, hana watu. Akatenga mahali kwenye kilima cha Capitolino, katikati ya vichaka viwili, akatangaza ni kimbilio: atakayeingia hapo haulizwi alikotoka. Wakaja. Livy anasema walikuja bila kubaguliwa nani huru nani mtumwa, watu wenye hamu ya maisha mapya, na kwamba hao ndio waliokuwa nguvu ya kwanza ya ukuu wa mji.

Tatizo: wote wanaume. Romulus akatuma wajumbe kwa majirani kuomba ndoa. Wakatukanwa. Wakaulizwa mbona hamfungui kimbilio la wanawake pia, ndiyo ndoa itakayowafaa. Romulus akanyamaza, akaandaa sikukuu ya mungu Consus, yenye mashindano ya farasi, akaalika jirani wote. Wasabini, kabila la jirani, wakaja na wake na watoto. Katikati ya mchezo ishara ikatolewa, vijana wa Roma wakawavamia mabinti wakawabeba.

Walikuwa wangapi? Plutarch ameorodhesha: wako waliosema 30 tu, Valerius Antias alisema 527, Juba alisema 683. Huyo wa 527 alijulikana kwa kupenda tarakimu kamili kamili za mambo ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Wasabini chini ya Titus Tatius wakaja kwa vita. Ngome ya Capitolino ikafunguliwa kutoka ndani na msichana, Tarpeia, aliyeomba apewe "vile mlivyovaa mkono wa kushoto", akimaanisha bangili za dhahabu. Mkono wa kushoto walishika na ngao pia. Wakamtupia ngao mpaka akafa chini yake. Jabali ambalo baadaye wasaliti walitupwa kutoka juu yake likaitwa kwa jina lake.

Vita ilipokuwa inachinja pande zote, wale mabinti, sasa wake na wengine mama, wakaingia katikati, baba huku, mume kule. Pande mbili zikaungana, Tatius na Romulus wakatawala pamoja.

#12

Mleta uzi naomba niseme kama mwanamke. Unaisimulia vizuri mpaka inakuwa tamu, lakini pale mabinti walitekwa. Hawakuulizwa. Halafu mwisho wanageuzwa wapatanishi, kila mtu anapiga makofi. Hiyo ni hadithi iliyosimuliwa na waume.

#13 · Mleta uzi

Dada #12, sina cha kupinga. Kwa Livy, Romulus anazunguka kuwaambia wale mabinti kosa ni la baba zao kwa kiburi chao cha kukataa, na kwamba watakuwa wake halali, wenye fungu katika mali na uraia. Utetezi wa mtekaji, tena kwa lugha ya kiungwana. Plutarch anaunganisha na desturi za harusi za Roma: bibi harusi kubebwa kuvushwa kizingiti, na nywele zake kutenganishwa kwa ncha ya mkuki, eti ukumbusho wa siku ile. Yaani kila harusi ilikuwa na chembe ya utekaji ndani yake, na walijua.

Nikuongezee na Tarpeia. Mwanahistoria Piso, wa karne ya 2 KK, alimtetea: binti aliomba ngao kwelikweli, alitaka Wasabini wabaki bila silaha wanaswe ndani ya ngome, mpango ukavuja. Hoja yake ni nzuri. Anasema kaburi lake lilipelekewa sadaka kila mwaka, na msaliti hapelekewi sadaka. Ila jina lilishakaa kwenye jabali.

#14

Mbona kuna ile ya Aeneas kutoka Troya? Nilidhani huyo ndiye baba wa Roma. Sasa ni Aeneas au Romulus?

#15 · Mleta uzi

Asante, umenirahisishia.

Aeneas, na hesabu zilizogoma

Kwa Homer, Aeneas ni mwana wa Anchises na mungu wa kike Aphrodite, ambaye Warumi walimwita Venus. Katika kitabu cha 20 cha Iliadi, Poseidon anasema uzao wake utatawala Watroya. Hasemi wapi. Nafasi hiyo wazi ikamezewa mate na miji mingi ya Mediterania.

Warumi wakaichukua. Aeneas anatoka Troya inaungua, baba yake mgongoni, mtoto mkononi, mke amepotea gizani. Anazunguka bahari, anafika Italia, anamwoa Lavinia binti ya Mfalme Latinus, anapigana na Turnus aliyekuwa amemposa, anajenga mji wa Lavinium. Dalili zake mbili nazipenda kwa kuwa ni za jikoni. Ya kwanza, walitabiriwa watakula meza zao kwa njaa, walipofika walikula chakula kilichowekwa juu ya mikate, wakamalizia na mikate, mtoto akasema "kumbe tumekula na meza!" Ya pili, nguruwe jike mweupe mwenye watoto 30: baada ya miaka 30 mwanawe Ascanius akajenga Alba Longa.

Alba Longa ndiyo kiungo na mapacha. Mwanzoni kiungo kilikuwa kifupi: washairi wa kwanza wa Roma, Naevius na Ennius, walimfanya Romulus mjukuu wa Aeneas kwa binti yake. Safi kabisa, mpaka Wagiriki walipoleta kalenda. Msomi wao Eratosthenes alipiga hesabu kwamba Troya ilianguka 1184 KK. Kutoka hapo hadi 753 ni miaka 431. Mjukuu gani huyo?

Dawa ikapatikana: wafalme wa Alba. Kati ya Ascanius na Numitor wakapangwa Silvius, Aeneas Silvius, Latinus Silvius, Alba, Atys, Capys, Capetus, Tiberinus, Agrippa, Romulus Silvius, Aventinus, Proca. Angalia majina. Tiberinus alizama mtoni, mto ukaitwa Tiber. Aventinus alizikwa kilimani, kilima kikaitwa Aventino. Alba, sina la kusema. Hawa ni wafalme wa kujazia pengo, na mtungaji alichoka akaanza kusoma ramani.

#16

Mkuu, huku kwetu pwani tuna yetu: Ali bin Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizungusha kisiwa chote. Dido wa Carthage naye si alizungusha ngozi ya ng'ombe?

#17 · Mleta uzi

Ndiyo, yuleyule Dido ambaye mshairi wa Roma Virgil anamfanya ampende Aeneas na kujiua alipoachwa. Aliahidiwa ardhi ya kutosha ngozi moja, akaichana nyuzi nyembamba, akazungusha kilima kizima. Kilima kikaitwa Byrsa, na *byrsa* kwa Kigiriki ni ngozi, kwa hiyo Wagiriki huenda walitunga kisa ili kueleza jina wasilolielewa. Ya Kilwa inataka uzi wake peke yake, mkuu. Uanzishe, nitakuja kukaa mbele.

#18

Turudi kwenye swali la juu. Kwa nini hawakuifuta ile ya aibu wakabaki na Aeneas, mtu mwenye adabu anayebeba baba yake?

#19 · Mleta uzi

Hapo ndipo nilipotaka.

Naona hadithi ya aibu ilikuwa inawafanyia kazi. Chukua kimbilio. Athens walijivunia kwamba walichipuka kwenye udongo wao, na tangu 451 KK raia alikuwa mtu mwenye baba na mama Waathens. Roma haikuwa na njia hiyo. Mtumwa aliyeachwa huru na raia wa Roma, kwa utaratibu wa sheria, alikuwa raia. Wageni walilishangaa hilo. Mwaka 214 KK hivi Philip wa Tano wa Makedonia aliuandikia mji wa Larisa, akawahimiza waongeze raia, akatoa mfano wa Warumi: wakiwaacha huru watumwa huwapa uraia, na ndivyo walivyoweza kupeleka watu kujenga miji mingine. Barua hiyo ilichongwa kwenye jiwe. Adui yao anawasifu kwa jambo lilelile ambalo hadithi inasema lilianza kwa Romulus.

Na walilitumia kwa hoja kabisa. Mwaka 48 BK Kaisari Claudius alitaka wakuu wa Galia (Ufaransa ya leo) waingie Baraza la Seneti. Maseneta wakagoma, eti wajukuu wa maadui. Claudius akarudi mwanzo: Numa, mfalme wa pili, alikuwa Msabini, Mfalme Tarquinius baba yake alitoka Korintho, Mfalme Servius Tullius mama yake alikuwa mateka. Mwanahistoria Tacitus anamtia kinywani na Romulus, aliyewageuza maadui kuwa raia ndani ya siku moja. Sehemu ya hotuba yenyewe ipo kwenye bamba la shaba lililopatikana Lyon mwaka 1528.

Na kifo cha Remus? Mwanasheria Pomponius, karne ya 2 BK, anaandika kwamba anayekiuka kuta za mji adhabu yake ni kifo, halafu anatoa ushahidi: hata Remus, nduguye Romulus, inasimuliwa aliuawa kwa kutaka kuvuka ukuta. Mistari hiyo ikaingia kwenye mkusanyo wa sheria wa Justinian mwaka 533. Zaidi ya miaka elfu moja baada ya tarehe ya Varro, Remus bado ni kesi ya rejea.

#20

Nakupinga kidogo mkuu. Unawapa Warumi hekima kubwa mno. Huenda hadithi ilishaenea, wangeifutaje? Na wengine wao walijutia. Mshairi Horace wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alisema Warumi wanaandamwa na damu ya Remus.

#21 · Mleta uzi

Mkuu #20 umenishika pazuri. Ni kweli, Horace katika shairi la saba la Epodi anasema laana imewakalia tangu damu ya Remus asiye na hatia ilipomwagika ardhini. Watu walioona vita vya Caesar na Pompeius, kisha Octavianus (ndiye Augustus baadaye) na Antonius, hawakuhitaji kufundishwa ndugu kuua ndugu ni nini. Na ni kweli ilishaenea: mwaka 296 KK ndugu wawili wa ukoo wa Ogulnius, wakiwa maafisa wa mji, waliwatoza faini wakopesha riba, na sehemu ya fedha hiyo wakaweka sanamu ya mapacha chini ya mbwa mwitu penye mtini ule. Miongo michache baadaye picha hiyo iko kwenye sarafu ya fedha. Basi nipunguze: hawakukaa kikao wakachagua. Ila walipokuwa nayo waliijua kuitumia.

Hata Augustus aliionea haya nusunusu. Mwaka 27 KK alifikiria kujiita Romulus, akaacha, asidhaniwe anataka ufalme. Nadhani kulikuwa na sababu ya pili. Romulus alikufaje? Alikuwa anakagua jeshi karibu na Kinamasi cha Mbuzi, dhoruba ikashuka, giza likatanda, lilipoinuka kiti cha mfalme kilikuwa kitupu. Maseneta waliokuwa karibu wakasema amepaa. Mtaani wakanong'ona kwamba walimkatakata, kila mmoja akatoka na kipande ndani ya vazi lake. Kisha Proculus Julius akaapa amemwona Romulus amekuwa mungu. Julius, jina la ukoo wa Caesar, ukoo uliojidai uzao wa Iulus mwana wa Aeneas, yaani yule Ascanius kwa jina jingine. Na Caesar mwenyewe alikatwa na maseneta mwaka 44 KK, kisha akatangazwa mungu. Nani angetaka jina lile?

#22

Swali la mwisho: kuna chochote cha kuchimbwa ardhini, au yote maneno?

#23 · Mleta uzi

Kipo, ila hakijibu unachouliza. Juu ya Palatino kuna mashimo ya nguzo za vibanda vya karne ya 8 KK. Watu waliishi pale, na eneo la Roma kwa jumla lilikuwa na watu kabla ya hapo. Mwaka 1988 mwanaakiolojia Andrea Carandini alichimbua mabaki ya ukuta chini ya kilima hicho, akayapa umri wa karibu 730 hadi 720 KK, akasema huu ndio wa Romulus. Wenzake wengi wanaukubali ukuta, hawamkubali Romulus.

Na yule mbwa mwitu maarufu wa shaba aliyepo Makumbusho ya Capitolino, ambaye Papa Sixtus wa Nne aliwapa watu wa Roma mwaka 1471? Mapacha waliongezwa mwishoni mwa karne hiyo ya 15. Mnyama mwenyewe aliaminika ni wa Waetruski mpaka mtaalamu aliyemkarabati alipoonyesha, mwaka 2006, kwamba aliyeyushwa kipande kimoja kwa ufundi wa zama za kati. Vipimo vya kaboni vikaelekeza karne ya 11 au ya 12 BK. Bado wapo wanaobisha.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote hakipo tena. Warumi walitunza kibanda cha Romulus juu ya Palatino, fito na nyasi, katikati ya majumba ya marumaru. Dionysius alikiona. Anasema makuhani hawakuruhusu kiongezwe urembo wowote. Kikiharibika kwa mvua au umri, kinarudishiwa kilivyokuwa. Kiliungua mwaka 38 KK, kikajengwa. Kikaungua tena mwaka 12 KK. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza sababu: kunguru waliiba nyama inayowaka kwenye madhabahu, wakaiangusha juu ya paa.

#24

Mji ulianza kwa ndege, kibanda kikachomwa na ndege. Hao kunguru walitumwa na Remus.

#25

Kunguru wa Dar wangekula nyama kwanza.